Ukiulizwa Kama Hujapona

Mtwara, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka mlangoni hapa muda si mrefu, umevaa lile gauni la bluu, unakwenda Mikindani kumuaga bibi yako. Mimi niliyebaki ndiye nisiyeijua hali yangu. Nimekaa kwenye meza yako, nimejaribu kusahihisha madaftari ya darasa la sita, nimeshindwa. Kila nikisoma insha ya mtoto wa watu naiona meli ya kesho.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya kuswali na ya kuchagua marafiki, mama yako amekwisha kukueleza, na bibi yako bila shaka anayarudia sasa hivi. Sitayagusa. Nataka kukusimulia habari ya mguu wa Bonifasi.

Bonifasi unamjua. Ni huyu wa ghala la korosho, anayekuja uwanjani jioni akiburuta mguu wa kulia, akasimama kwenye kona na kukupigia kelele, "Mikono, Somoe, mikono!" Siku ya kwanza ulipomwona ulimwuliza kilichompata, nami nikadakia kabla hajajibu, nikasema alianguka kutoka juu ya mkorosho. Alinitazama tu. Umekua ukiamini uongo wangu huo. Juzi alipokuja kukuaga nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipofika akasimama. "Mwalimu," akasema, "mwambie. Usimpeleke kama ulivyonipeleka mimi." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala vizuri zaidi.

Wakati ule wewe ulikuwa ukilelewa na bibi yako Mikindani, na mimi nilikuwa nafundisha kijijini, upande wa Mahurunga, karibu na mto. Miaka hiyo watu walikuwa wakivuka Ruvuma kila mara kukimbia vita ya Wareno, na shule yetu ilijaa watoto wao. Bonifasi alikuja na mama yake, wawili tu. Aliingia darasa la tano akiwa tayari na ndevu, miguu yake haitoshi chini ya dawati. Wenzake walimcheka, mpaka siku ya michezo. Siku ile aliwaacha wote nyuma, akamaliza, akageuka akawatazama kama mtu anayeshangaa wengine wamechelewea wapi. Nilipomwuliza amejifunzia wapi kukimbia, alisema mashambani, usiku, akiwafukuza viboko wasile mpunga wa mama yake.

Nilimchukua nikamfundisha. Nilisema namfundisha kwa ajili yake, lakini nitakuambia ukweli, mwanangu: nilikuwa nimekwisha kuiona picha yake gazetini, na mimi nimesimama pembeni. Mwalimu wa shule ya vijijini anaweza kukaa miaka thelathini bila mtu kuuliza jina lake. Mimi nilitaka waulize.

Siku moja akaja ofisa wa michezo kwa Landrova. Hakuwa huyu wa sasa, alikuwa mwingine, amekwisha kuhamishwa zamani. Alimtazama Bonifasi akikimbia kwenye mchanga mgumu kando ya mto, kisha akanivuta pembeni. Maneno yake nayakumbuka vizuri, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi mno.

"Ndugu mwalimu, kijana huyu apelekwe kambini Dar es Salaam. Ni majaribio, wiki chache tu. Wakiona anafaa watamweka, wakiona hafai atarudi. Waeleze wazee wake vizuri."

Aliniambia nieleze vizuri. Kazi yangu ni kueleza, ndiyo kazi inayonilisha.

Nilimkuta mama yake shambani, amekaa juu ya dungu, ameshika kamba za makopo ya kufukuzia ndege. Nilianza kupiga kelele kabla hata sijafika.

"Mama Bonifasi, furahi! Serikali imemchukua mwanao!"

Alishuka ngazi taratibu. Akaja mpaka karibu yangu. "Imenchukua?"

"Imemchukua. Anakwenda Dar es Salaam."

"Atakaa siku ngapi?"

Ningeweza kusema wiki chache. Nilijua. Lakini wiki chache zilisikika kama kitu kidogo, na mimi sikutaka kuleta kitu kidogo. Nikasema, "Hilo ni juu yao wenyewe."

"Na akikataa?"

Nilicheka, Somoe. "Nani akatae jambo kama hili?"

Akatazama chini kidogo, akajifunga upya kanga yake. "Haya, mwalimu," akasema, akarudi juu ya dungu lake. Nilirudi nyumbani nikidhani ni furaha imemzidi.

Asubuhi ya safari mama yake hakuja kwenye lori. Walikuwa wameagana nyumbani. Nilimshika Bonifasi mkono nikamwambia, "Usinitie aibu. Watakachokuambia, fanya. Usiwe mtu wa kulalamika." Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Ndiyo yake ile niliipenda. Niliona nimemlea vizuri.

Haya ya kambini alinisimulia yeye mwenyewe, lakini baadaye sana, tulipokuwa tumekwisha kuweza kukaa pamoja tena.

Mkufunzi wao alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwema kwa maelezo ya Bonifasi, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kitabuni na kupenda kukitumia. Siku ya kwanza akawaambia wakutane uwanjani saa sita. Yeye alisoma saa kama wasomavyo kwao, alikuwa na maana ya alfajiri. Vijana wa mjini walikuwa wamemzoea, wakaelewa. Bonifasi akatokea jua la utosi, peke yake, uwanja mtupu. Jioni akaitwa mvivu mbele ya wenzake. Alipojaribu kujieleza, wakacheka namna anavyosema, maana unajua yeye akisema "ntu" na "naludi" haoni kosa, na kosa kweli hakuna, ndivyo tunavyosema huku. Baada ya siku ile aliacha kujieleza. Aliona ni nafuu kuitwa mvivu kuliko kuchekwa mara mbili.

Kisha mguu ukaanza kuuma. Alikaa nao kimya siku nyingi, akiamini utaacha wenyewe. Msaidizi wa mkufunzi alipomwona anachechemea akamwuliza anaumwa wapi. "Mguu," akasema. Ni kweli, lakini mguu wetu sisi ni kitu kirefu, unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Yule akamchua kifundo, akakifunga kitambaa. Kilichokuwa kinauma ni mfupa wa mbele, juu ya hapo, kwenye muundi. Bonifasi akamwacha afunge. Aliona haya kumsumbua mtu mkubwa aliyekwisha kupiga magoti.

Wakampumzisha. Walipokaribia mashindano ya kuchagua wa kubaki, mkufunzi mwenyewe alimwendea. Akamwekea mkono begani, akamwuliza kwa Kiswahili chake, "Bonifasi, hujapona?"

Bonifasi akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Angalia hapo, Somoe. Wewe na mimi tunajua alichosema. Alisema ndiyo, sijapona. Ndivyo tunavyojibu wote, tangu utotoni. Mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unasema ndiyo. Lakini kwa lugha ya mkufunzi ndiyo ni ndiyo tu, ni jambo jema, imekwisha. Alisikia, "Ndiyo, nimepona." Akafurahi, akampiga kofi la mgongo, akaenda kuandika jina lake kati ya watakaokimbia.

Na Bonifasi naye alifikiri nini? Nilimwuliza. Akasema, "Nilifikiri amesikia kwamba naumwa, na bado anataka nikimbie. Ungefanya nini wewe? Mliniambia nifanye ninachoambiwa."

Alikimbia. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa pili, anamkaribia wa kwanza. Anasema alisikia mlio kabla ya kusikia maumivu, akafikiri ni kijiti amekikanyaga.

Sasa nakuja penye sehemu yangu.

Nililetewa simu ya maandishi. Ilikuwa fupi, kama zilivyo zote: Bonifasi ameanguka, anarudi na meli ya Ijumaa. Mimi ni mwalimu. Katika maisha yangu yote, walioanguka ni walioanguka mtihani. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa darasa, nikaikunja, nikahisi uso unaniwaka. Nilifikiri, ameshindwa. Nilifikiri nitawaambia nini watu. Sikufikiri hata mara moja kwamba neno lile linaweza kuwa na maana yake ya kawaida, ya mtu kuanguka chini akaumia.

Mama yake sikumwambia. Ijumaa ilipofika sikwenda bandarini. Nilikaa darasani nikafundisha hesabu. Nilisema moyoni, acha atafute njia mwenyewe, aonje kidogo.

Alishuka melini kwa magongo mawili, mguu umefungwa plasta kutoka unyayo hadi pajani. Alikaa juu ya gunia la watu bandarini akinisubiri. Wenzake wa safari wakaondoka mmoja mmoja. Kila aliyemwuliza alimjibu, "Mwalimu wangu anakuja." Mvua ikanyesha, hakuondoka, aliogopa nitafika nimkose. Walipofunga lango ndipo mchukuzi mmoja wa bandari alipombeba kwa baiskeli mpaka kwake Chikongola, yeye na mkewe wakampa pa kulala. Siku ya pili yake wakamtafutia lori la kuja kwetu. Njia ile unaijua masika. Mvua ilimpiga njia nzima, na plasta ikawa kama uji.

Mimi nilikuwa nje ya ofisi ya shule lori lilipofika. Nilimwona dereva anashusha magongo kwanza. Kisha nikamwona yeye.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nilidhani hukuipata simu."

Ningeweza kusema sikuipata. Sijui ni kitu gani kilinizuia, kwa sababu uongo wangu mwingine nimekwisha kukueleza na haukunisumbua. Nikasema, "Niliipata."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama chini. Hajaniuliza kwa nini mpaka leo.

Nilimpeleka kwa mama yake mimi mwenyewe, nimemshika kiuno, tukienda hatua moja tunapumzika. Nilikuwa naogopa uso wa yule mama. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Alituona tukiwa mbali, akatupa jembe, akaja mbio. Hakuutazama mguu. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, kisha akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka majumbani. "Wamenludisha!" akawa anasema. "Wamenludisha ntoto wangu!"

Nilisimama pale na maneno yangu niliyoyatayarisha. Nikafikiri labda hajauona ule mguu.

Jioni yake, watu walipotawanyika, nilimwambia, "Mama Bonifasi, pole. Mguu umevunjika."

"Nimeuona," akasema. "Mguu si kitu."

"Si kitu vipi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Mwalimu, wewe ulikuja ukaniambia serikali imenchukua. Baba yake naye serikali ilinchukua, kule ng'ambo ya mto. Walikuja wakasema anakwenda kutengeneza barabara. Nikauliza siku ngapi, wakasema hilo ni juu yao. Hakuludi. Nilipokuuliza wewe, ukanijibu vilevile."



"Nilinwambia ntoto," akaendelea, "wakubalie kila wanachosema. Usibishe. Ukibisha hawatakuludisha."

Kwa hiyo wiki zile zote nilipokuwa natembea kijijini kifua mbele, yule mama alikuwa matangani, peke yake, juu ya dungu. Alikuwa akinisalimu njiani, "Salama, mwalimu?" na mimi namjibu, "Salama sana!" Na kijana kule kambini alikuwa na maneno ya watu wawili, ya mama yake aliyeogopa na yangu mimi niliyetaka sifa, na yote mawili yalimwambia kitu kimoja, anyamaze.

Mfupa uliunga vibaya. Mganga wa zahanati alipoikata ile plasta iliyolowa alisema kama ingebaki kavu huenda ungenyooka. Alisema huenda. Neno hilo huenda naishi nalo. Bonifasi hakukimbia tena.

Siwezi kukuambia nilibadilika siku ile. Nilihamia hapa mjini, nikakuchukua kwa bibi yako, nikaona unavyokimbia, na mchezo ukaanza upya ndani yangu. Bonifasi alipokuja mjini kutafuta kazi ndiye aliyeniambia, "Huyu niachie mimi nimtazame." Kila unachokijua kuhusu kona amekufundisha yeye. Mimi nilishika saa tu.

Safari hii nilikwenda ofisini mwenyewe. Nilikwenda mara tatu. Ofisa wa sasa ni kijana, mwepesi, anachanganya Kiingereza, na mara ya tatu alishusha kalamu akaniambia, "Mzee, una maswali mengi." Nikamwambia ndiyo, na bado sijamaliza. Nakuandikia niliyoyapata, kama nilivyoyapata.

Hujachaguliwa, Somoe. Umeitwa ukajaribiwe. Najua mtaani wote wanasema umechaguliwa, na shangazi yako amekwisha kuwatangazia watu wa sokoni, na mimi sikumkatiza, nilitabasamu. Ni majaribio. Wanaweza kukuweka, wanaweza kukurudisha. Atakayeamua ni mkufunzi, si ofisa wetu, na si mwenzako wa kitanda cha pili atakayekuambia ana habari za ndani. Kuhusu shule, nimeuliza kama nafasi yako hapa itakungoja. Ofisa hajui. Nilidhani ananikwepa, nikauliza tena kwa namna nyingine, lakini kweli hajui. Basi nami sijui. Ni vibaya kukupandisha melini na kitu kikubwa hivyo hakijulikani, na nimejaribu kutafuta namna ya kukifanya kisikike kidogo, nimeiacha.

Ukipata shida, ukileta simu, usiihurumie mifuko yangu. Weka maneno yote. Sema nani, sema nini, sema kiungo gani cha mwili. Ukiandika umeanguka, niambie umeangukia wapi. Na mkufunzi akikuuliza swali usilolielewa, mwambie hujalielewa, hata kama wenzako wote wametikisa vichwa kukubali. Wengi wao nao hawajaelewa. Nimefundisha miaka mingi, navijua vichwa vinavyotikisika.

*

Hapa niliacha. Ulikuwa umerudi.

Sasa ni baada ya isha, wewe uko ndani na mama yako, namsikia anakucheka kwa namna unavyokunja nguo. Naandika yaliyotokea ingawa ulikuwepo, kwa sababu wewe ulikuwa ukiwatazama wengine, hukuniona mimi.

Nilikusikia unapanda ngazi za baraza, nikasikia unasimama. Nilichungulia dirishani. Ulikuwa umeinama, umeweka mkono kwenye muundi wa kushoto, unausugua kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha ukanyooka, ukaingia ukitabasamu na salamu za bibi yako.

Somoe, barua hii ilikuwa mezani mbele yangu, wino haujakauka. Na unajua neno gani lilinijia mdomoni? "Huumwi, siyo?" Lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Ningelisema, nawe ungesema ndiyo, nami ningesema vizuri, na kesho ungeondoka. Nilitaka iwe hivyo. Nilikaa kimya mpaka ukauliza, "Baba, vipi?"

Ndipo nikakuuliza, "Mguu wako wa kushoto unauma?"

Ukasema, "Kidogo."

"Kidogo namna gani? Nionyeshe."

Ukakaa chini. Ukaniwekea kidole mahali penyewe. Ukasema ulianza wiki iliyopita, ukitembea hauumi, ukikimbia unauma. Nikakuuliza kwa nini hukusema. Hukusema unaogopa kuachwa, kama nilivyotazamia. Ulisema, "Ulikuwa umefurahi sana, baba."

Nilishindwa kukutazama baada ya hapo. Kwa hiyo nilichukua kofia yangu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika.

Njia nzima ya kwenda kwa ofisa kule Shangani watu waliotoka kupunga upepo walitusimamisha kutupa hongera. Wewe uliwajibu wote. Mimi nilikuwa napanga la kusema kwa ofisa, na nikuambie, nilikuwa tayari nimeanza kulipunguza. Nilikuwa nasema kichwani, ni uchovu tu, ni kakitu kadogo, tunaarifu tu kwa heshima. Tulipofika kwake nilikuwa nimelipunguza mpaka halikubaki na maana yoyote.

Alikuwa kwenye baraza yake na redio. Aliposikia neno mguu aliizima. "Mzee, usiku wa safari? Nafasi hii kuna wengine wanaililia."

Nikafungua mdomo. Wewe ukasema, "Naomba niseme mwenyewe."

Sijawahi kukusikia ukiongea namna ile. Hukuinua sauti. "Ni mfupa wa mbele, mguu wa kushoto, hapa, chini ya goti. Nikitembea hauumi. Nikikimbia unauma, na leo asubuhi mazoezini umeuma zaidi ya jana. Nataka kwenda. Lakini sitaki kukimbia mpaka daktari auone. Nataka mkufunzi ajue hivyo kabla sijafika, asije akadhani nimemficha."

Yule kijana alikutazama, akanitazama mimi, akarudi kwako. "Unajua wanaweza kukurudisha bila hata kukuona ukikimbia?"

"Sasa najua."

"Siwezi kuahidi kitu."

"Tumeelewa kwamba huwezi," ukasema. "Tunaomba uwaambie tu."

Akasema atapiga simu kambini kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, kabla meli haijaondoka, na kwamba utasafiri, na huko utapelekwa kwa daktari kwanza. Nikamwomba arudie atakachowaambia. Akarudia. Alisema goti. Ukamsahihisha, "Chini ya goti, bwana. Kwenye mfupa." Akasema chini ya goti, kwenye mfupa. Ndipo tukaaga.

Sijui watajibu nini. Inawezekana kesho asubuhi wakasema usije, nasi tutakuwa tumefunga mizigo bure, na watu wote wanajua. Inawezekana ukafika na daktari akasema si kitu. Inawezekana akasema ni kitu. Nimekaa hapa nikiyapindua yote, na hakuna hata moja linalonipa usingizi.

Tuliporudi mama yako alikuwa bado hajakaa. Siku tatu hizi, zaidi ya hayo ya nguo na chakula, amekuwa hasemi, na mimi na wewe tulidhani hapendi uende. Ulipoingia kuoga akanifuata hapa mezani, ameshika kanga zako mbili.

"Anakwenda au haendi?"

"Anakwenda," nikasema. "Ila hatujui kama atakimbia."

"Nani anajua?"

"Bado hakuna anayejua. Si ofisa, si mimi."

 Kisha akakaa kwenye kitanda chako, pumzi zikamtoka kama mtu aliyetua mzigo. "Basi sawa," akasema. "Mimi siku zote hizi nilidhani mnajua yatakayompata, mnanificha."

Mwanangu, naogopa. Nimekuambia hivyo hivyo, bila kulipamba neno, nawe lolote litakalokupata huko niandikie hivyo hivyo.

Baba yako